Sista Nyanchama Anunua Nyumba Kisiwani

Ijumaa kanisa likiisha, Wakenya wengi wa Doha walikuwa wakienda kula. Sista Nyanchama, nesi wa hospitali, alikuwa akienda Sanaiya kupima watu presha. Sanaiya ndilo eneo la viwanda, penye magereji na makambi ya wafanyakazi, na yeye aliingia huko kwa gari lake dogo jeupe ambalo mlango mmoja wa nyuma haujafunguka tangu nimjue, mashine ya kupimia ikiwa ndani ya mfuko wa duka la viatu. Hakuna aliyemtuma. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili na sikuwahi kumsikia akijisifu kwa mtu yeyote. Basi nitamsifu mimi, tena nikiwa na hasira kidogo, maana wanaopenda kupigwa picha wakigawa mkate ninawajua wote na huyu hakuwa mmoja wao.

Mimi ni Scovia Awuor, mzaliwa wa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Hapa Doha nafanya kazi katika ofisi ya kuuza nyumba, mtaa wa Al Sadd. Napika karaki, ile chai ya maziwa na iliki isiyokosekana hapa, napokea wageni, natoa nakala, na siku ambazo wenye digrii wamechelewa huambiwa nikae mbele ya kompyuta. Ijumaa nilikuwa karani wa Sista. Yeye anapima, mimi naandika jina na tarakimu. Walinzi wa mageti ya makambi ni Wakenya na Waganda wenzetu, kwa hiyo hatukuulizwa maswali mengi.

"Mwangi," atasema, akimtazama mlinzi wa Murang'a mwenye shingo nene, "soda unakunywa ngapi kwa siku?"

"Moja tu, Sista."

"Ya lita ngapi?"

Chumba kizima kinacheka, Mwangi anatazama chini. Sista hacheki. Anaandika kwenye kipande cha karatasi dawa ya kununua, anamwambia apunguze chumvi, na Ijumaa inayofuata anamrudia yeye kwanza kabla ya wengine wote.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, Mkisii wa Keroka asiyejua kunong'ona. Alikuja Doha akiwa mjane wa miaka thelathini na tisa, na mtoto mmoja tu, Chelsea, aliyempata baada ya kukaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Alimwacha kwa mama yake miaka miwili, halafu akamleta. Kwa kazi ya unesi alimsomesha Chelsea hapa na kisha Uingereza, akawajengea wazazi nyumba ya mawe, akawasomesha wadogo zake watatu. Yeye mwenyewe akaishi miaka ishirini na moja katika nyumba ya hospitali, ambamo hata kupigilia msumari ukutani ni lazima uombe ruhusa.

Chelsea aliolewa na Andre, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole kutoka kisiwa kidogo cha Karibiani kiitwacho Santa Delia, nao wakahamia huko. Januari mwaka jana akapiga simu kwamba ni mjamzito na atajifungua Julai. Sista alikuwa anatimiza sitini mwezi wa Juni. Hospitali ingemstaafisha, na kibali chake cha kuishi Qatar kingeisha siku hizo hizo. Kanisani kila mtu akasema Mungu amepanga, nenda ukalee mjukuu. Ni Sista peke yake aliyeona kwamba hana mahali pa kulala.

Watu wa mjini mtacheka. Kwa Wakisii, kama ilivyo kwetu, mama halali nyumbani kwa mwanamume aliyemwoa binti yake. Anaweza kwenda kusalimu mchana, akaketi kwa heshima, akala kidogo, akaondoka. Kulala chini ya paa la mkwe, kukutana naye ukumbini asubuhi akiwa na taulo begani, hilo halipo. Wao huiita chinsoni, heshima ya kuoneana haya, na Sista aliishika sawasawa na alivyoshika usafi wa mikono.

Phoebe, msichana wa kompyuta ofisini kwetu, ambaye huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, akamwambia, "Lakini Sista, huko ni Karibiani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi ulale hotelini."

"Nyanya wa mtoto alale hotelini? Nimeenda kutalii?"

Mimi nikajaribu. Nikamwambia si Andre ni mwenyeji, amtafutie nyumba ya kupanga. Alinitazama mpaka nikajuta kufungua mdomo. "Nimwambie mkwe wangu anitafutie pa kulala? Si afadhali nimwombe na blanketi?"

Alitaka nyumba yake mwenyewe, aliyoinunua kwa jasho lake, karibu na mtoto, kabla ya Juni. Hakutaka kingine chochote, na ilikuwa imebaki miezi mitano.

Sasa, ofisi yetu ni ya Bwana Fadi, Mlebanoni mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Anauza nyumba za nchi za mbali kwa watu wa hapa wanaotaka mahali pa kwenda wakichoka na joto, na katika orodha yake mna visiwa vitatu au vinne vya Karibiani. Nilipoitafuta Santa Delia nikakuta nyumba tatu. Mbili zilikuwa majumba ya watu wenye mashua zao. Ya tatu ilikuwa nyumba ya manjano ya vyumba vinne, mawe chini na mbao juu, katika kijiji cha Anse Marline, mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka kwa Chelsea. Na bei yake ilikuwa ndogo, akiba ya Sista ingeimudu bila mkopo. Nilimpigia simu akiwa wodini, jambo ambalo amelikataza, na kwa mara ya kwanza hakunifokea.

Akaja ofisini siku hiyo hiyo na sare yake ya kazi. Bwana Fadi akaanza maneno yake ya siku zote: utulivu, faragha, mandhari. Sista akamkatiza.

"Mgeni akija huko, anaangalia nini?"

Bwana Fadi akasema bahari.

"Bahari iko hata hapa Doha. Nataka kufungua nyumba ya wageni. Chumba kimoja changu, vitatu vya biashara. Mtu atapanda ndege aje kuona nini?"

Bwana Fadi hakujua. Chelsea ndiye aliyetujibu, kwa ujumbe na picha, siku tatu mfululizo, akitembea na tumbo lake la miezi minne. Kuna ufuo ambao kasa hupanda kutaga mayai kwa msimu, na watu hulipa kiingilio kidogo kuwaona wakiwa na mwongozaji. Kuna magofu ya kiwanda cha kale cha sukari, gurudumu lake lingalipo. Kuna maporomoko ya maji, saa moja kwa miguu. Jumamosi kuna soko la viungo, na kungumanga wanauza kwa kikapu. Pale kijijini penyewe yuko mwanamume anayekodisha mashua, mwanamke anayesuka nywele za watalii, na mkabala na ile nyumba kibanda cha mikate na samaki wa kukaanga. Sista alisoma yote kwa miwani yake ya kusomea chati za wagonjwa, akaandika upande wa pili wa karatasi: shuka jozi sita, vyandarua vinne, jiko la pili.

Mimi nilizaliwa mahali ambapo wageni huja kwa mashua kutazama michoro ya kale kwenye miamba. Mama yangu aliwauzia samaki na soda, nasi tukasoma kwa samaki hao. Kwa hiyo nilifurahi kwa dhati, nikaona hii biashara naielewa. Kisha Sista akaondoa miwani, akasema, "Nikifika, kitu cha kwanza ni ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa mawe. Futi nane. Na geti la chuma."

Sisi Wakenya ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu akinunua ploti hajui nyumba atajenga lini, lakini ukuta ameshauwekea bei. Bwana Fadi akafurahi, akasema ukuta utaongeza thamani, anaye fundi huko. Akakuza picha ya kiwanja kwenye skrini kubwa amwonyeshe utakapopita, na mimi nikiwa nimeshika sinia la chai nikaona mstari wa udongo mwekundu usio na nyasi, ukitoka barabarani, ukipita kando ya jiko la ile nyumba na kushuka hadi ufuoni.

"Hapo watu wanapita," nikasema.

Bwana Fadi akasema ni njia ya mwenye nyumba kwenda kuogelea.

"Familia moja haiwezi kumaliza nyasi namna hiyo. Hiyo ni njia ya kijiji."

Akanitazama kwa yale macho ya kuniuliza nimelipwa kufanya nini. Lakini nimekulia kisiwani. Kwetu njia ya kwenda majini hupita penye maboma ya watu, mbele ya milango yao, na hakuna anayeiziba. Ukiiziba umewazibia mashua, maji ya kufulia, na kitoweo. Wataizunguka, ila wewe watakutenga.

Ningekuwa na busara ningeishia hapo. Nikaenda mbele. Kwenye ubao wa kile kibanda cha mikate kulikuwa na jina, Eulalie, na namba ya simu iliyopakwa rangi ya buluu. Ilikuwa saa kumi alasiri kwetu, saa tatu asubuhi kwao. Nikasema tumpigie jirani. Bwana Fadi akasema hakuna anayenunua nyumba kwa kuuliza muuza mikate. Sista akasema, "Piga."

Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti nzito. Nikajieleza kwa Kiingereza changu cha Mfangano, kwamba tuko Doha, kwamba kuna mama anataka kununua ile nyumba ya manjano. Akauliza swali moja tu.

"Atajenga ukuta?"

Hakungoja jibu, akaendelea. Mnunuzi wa kwanza alijenga. Wao hawakugombana naye, wakazunguka tu kwa nyuma, kwenye mawe, wamebeba nyavu. Lakini hakuna aliyempelekea samaki, hakuna aliyemwelekezea mgeni, na paa lake lilipovuja kila seremala alikuwa na kazi nyingine. Baada ya miezi minane akauza, na aliyemfuata akaubomoa ukuta wenyewe. Huyo naye akaja kuwa na wasiwasi, akaanza msingi wa ukuta wake mpya, wakamwacha vivyo hivyo, akaondoka kabla haujapanda. "Babu zetu walishukia hapo kwenda kwenye mashua zao kabla nyumba haijakuwepo," alisema Miss Eulalie. "Mwambie mama huyo hatuna ubaya naye." Akaaga vizuri na kukata.

Sasa ni lazima mjue jambo moja. Shamba la baba yake Sista, kule Keroka, ni ukanda mwembamba wa ardhi unaotoka barabarani hadi mtoni, na jirani alikuwa akipitisha ng'ombe wake katikati ya majani chai kwenda kunywa maji. Walipelekana kwa chifu miaka kumi na minne. Mzee alikufa kesi haijaisha, na mama yake Sista husema hadi leo kwamba ile njia ndiyo iliyomuua. Sikuwa nalijua hilo siku ile. Nililijua baadaye.

Sista alisimama, akafunga mkoba wake. "Miaka ishirini na moja nimeosha vidonda vya watu ili ninunue barabara?" Akatoka. Karaki yake ilibaki mezani haijaguswa.

Bwana Fadi akanigeukia. "Mimi nilikuajiri upike chai."

"Chai ndiyo hiyo," nikasema, nikamsogezea. Ningeweza kufukuzwa kazi hapo hapo, na najua hivyo. Alikunywa, akaenda nyumbani mapema.

Zikapita Ijumaa mbili. Sista alikuja kunichukua kama kawaida, kwa sababu wagonjwa hawana kosa, lakini alichoniambia kutwa nzima ni tarakimu. Mia moja arobaini kwa tisini. Mia moja thelathini kwa themanini na tano. Niliandika. Nilimkasirikia, na niliumia pia, kwa sababu nilikuwa namharibia kitu alichokuwa amekisubiri maisha yake yote. Nyumbani kwake Chelsea walikuwa wameanza kupaka rangi chumba cha mtoto. Bwana Fadi alikuwa amepata mnunuzi mwingine, mtu wa mashamba ya huko Umm Salal, na alitaka jibu la Sista kufikia Jumapili. Nyumba nyingine ya bei ile kwenye kisiwa kile haikuwepo.

Ijumaa ya pili tuliambiwa Philipo ni mgonjwa. Philipo ni dereva, Mganda wa Jinja, mtu wa mizaha, na alikuwa amelala kitanda cha mwisho dirishani na kizunguzungu cha siku mbili. Chumba kilikuwa na vitanda kumi. Tulipofungua mlango watu wakaanza kusogea. Mmoja akakunja miguu, mwingine akaondoa sufuria ya wali sakafuni, wawili wakainua ndoo za nguo. Mpwani mmoja alikuwa kwenye mkeka anasali, Sista akasimama kumngoja amalize, ndipo akapita. Kila aliyempita alimwambia, "Karibu, Sista," naye kila mmoja akamwuliza hali. Alimpima Philipo, akaona presha imeshuka, akamnywesha maji ya chumvi na sukari, akakaa naye hadi akaweza kuketi. Tulipotoka wakasogea tena.

Nje kwenye jua, hasira ikanishinda.

"Sista, leo umepita kwenye miguu ya watu tisa kumfikia Philipo. Miaka kumi na miwili unapita katikati ya vyumba vya watu! Kuna aliyekujengea ukuta?"

Alinishika mkono, akauweka juu ya boneti ya gari, akanifunga mashine pale pale huku walinzi wakitutazama. Ikajaa, ikanibana, ikaachia. Akasoma.

"Mia moja na hamsini. Hasira itakuua, Scovi. Ingia garini."

Tukaondoka. Ndipo aliponiambia habari za baba yake, ng'ombe, na chifu, macho yake yakiwa barabarani. Alisema mzee alipozidiwa, watu wa kuja kumbeba kutoka shambani hadi kwenye gari walikuwa akina yule yule jirani, na walipita kwenye ile ile njia. Alisema hajawahi kumwambia mtu hilo. Tulipofika Al Sadd akaegesha mbele ya ofisi yetu, iliyokuwa imefungwa, akazima gari.

"Huyo mama wa mikate anaamka saa ngapi?"

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kwao palikuwa pamekucha kitambo. Safari hii alizungumza mwenyewe, simu ikiwa imewekwa juu ya dashibodi.

"Naitwa Nyanchama. Mimi ni mama yake Chelsea, mke wa Mwalimu Andre."

"Mwalimu Andre?" Sauti nzito ikalainika. "Amemfundisha mjukuu wangu kusoma."

"Ukuta sijengi. Njia ni yenu, mpite. Lakini nina sharti moja. Anayepita asalimie. Mtu kunipitia mlangoni kimya, kwetu ni matusi, siwezi kuishi hivyo."

Miss Eulalie akaangua kicheko kikubwa kikageuka kikohozi. "Mama, huku asiyesalimia tunadhani ni mgonjwa."

"Na wewe, pumzi yako naisikia toka huku. Presha ulipima lini?"

Hakukumbuka. Sista akamsomea somo lote la chumvi na samaki wa kukaanga, dakika kumi, na yule mama mwenye biashara ya samaki wa kukaanga akasikiliza. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikageukia dirishani ili asinione. Siku iliyofuata Miss Eulalie alimpandisha seremala juu ya paa la ile nyumba bila kuombwa, akatutumia ujumbe: mabati mawili ya kubadilisha, mbao nzima, tangi la maji ni zima lakini bomba la jikoni limeoza. Bwana Fadi, aliyeiuza nyumba hiyo mara mbili, hakuwa anajua lolote kati ya hayo.

Jumapili Sista akaja kutia sahihi amevaa gauni lake la Pasaka. Kabla ya kushika kalamu akataka njia ile ichorwe kwenye ramani na iandikwe katika mapatano kwamba wanakijiji wataitumia.

"Bibi," Bwana Fadi akasema, "katika miaka yangu yote hakuna mnunuzi aliyetaka kuandika kwamba watu watapita kwenye mali yake."

"Andika."

Akaandika. Sista akasoma kila ukurasa, akatia sahihi polepole, jina lote, herufi kwa herufi. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akatuuliza kama chai ipo. Nilimpikia karaki tamu kupita alivyozoea kuniruhusu, naye akainywa yote. Nimeona watu wengi wakinunua nyumba katika ofisi ile, wenye pesa za kununua mtaa mzima, na hakuna aliyeketi kwenye kile kiti kama alivyoketi yeye siku hiyo. Nilijivuna kana kwamba nyumba ni yangu. Nilijivunia hata Mfangano. Bwana Fadi naye siku hizi hauzi nyumba ya kisiwani kabla hajanituma nimpigie jirani, na anawaambia wateja kwamba wazo hilo ni lake. Namwachia.

Juni tulimsindikiza uwanja wa ndege. Tulidhani tutakuwa watu sita wa kwaya. Wakaja pia vijana wa Sanaiya ambao hawakuwa zamu, kwa teksi za kuchangiana, Mwangi akiwa na shati la kukopa lililombana. Alikuwa amepungua. Sista alimtazama kutoka juu hadi chini, akamwambia, "Sasa unafanana na mtu," na Mwangi akageuza uso kwa haraka. Mashine ya presha alinipa mimi, na ule mfuko wa duka la viatu. Ijumaa huwa naenda na Phoebe. Hatujui kufoka kama yeye, ila tunajifunza.

Kwa wiki kadhaa ujumbe wake ulikuwa wa kazi tu. Mabati yamebadilishwa. Bomba limewekwa. Mgeni wa kwanza amekuja kuona kasa, amelala siku mbili, ameletwa na Miss Eulalie. Wanaopita asubuhi ni watu thelathini hivi, wote wanasalimia, kuna mmoja anasalimia kwa sauti ya juu mno. Julai, mtoto wa kike, wazima wote wawili.

Kisha Agosti, asubuhi moja nikiwa nawasha jiko la ofisini, nikakuta ujumbe wa sauti aliotuma wakati kwao ni jioni. Nikaweka simu sikioni nikidhani ni habari za bomba. Sista alikuwa ananong'ona, yeye asiyejua kunong'ona.

"Scovi, mdogo wangu. Leo mkwe wangu amekuja kwangu, na Chelsea na mtoto. Nimemkaribisha, ameketi kwenye kiti changu, nimempikia ugali wa unga wa huku, hauna ladha lakini ameumaliza. Jua lilipozama wakaaga. Andre akasimama mlangoni, hakuingia tena, akaniomba kwa heshima kabisa: Mama, mtoto anaweza kulala kwako leo, mama yake apumzike? Nimempokea mtoto, wao wameenda kwao. Sasa usinipigie simu, utamwamsha. Tuko kwetu."